Uvimbe Wenye Nywele na Meno: Usitupwe Kabla ya Kuchunguzwa

Miongoni mwa mambo yanayoweza kuonekana katika chumba cha upasuaji, ni machache yanayowashtua watu kama uvimbe uitwao teratoma. Daktari humpasua mwanamke ili amwondolee uvimbe uliomo katika ovari, yaani kifuko cha mayai. Uvimbe huo ukifunguliwa, ndani yake hutoka shungi la nywele, mafuta mazito ya rangi ya manjano, na mara nyingine meno yaliyoumbika vizuri. Habari ya jambo kama hili haikai hospitalini. Hufika nyumbani kabla ya mgonjwa mwenyewe, na njiani hutiwa chumvi: wengine husema mwanamke amerogwa, wengine husema alibeba mimba ya jini, na wengine, walio wakali zaidi, humwuliza msichana ambaye hajaolewa amempata wapi "mtoto" yule.

Jina lenyewe la uvimbe huu limebeba hofu hiyo. Neno teratoma limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya zimwi au kioja, nalo liliingizwa katika lugha ya tiba na Rudolf Virchow, mtaalamu mashuhuri wa patholojia wa Ujerumani, katika karne ya 19. Hata wataalamu, basi, walianza kwa kushangaa. Tofauti ni kwamba wao hawakuishia katika mshangao. Waliukata uvimbe huo, wakautazama kwa hadubini, wakaandika walichokiona.

Katika makala haya napenda kutetea rai moja. Upasuaji wa uvimbe wa namna hii haujakamilika siku mgonjwa anaposhonwa jeraha. Hukamilika pale uvimbe wenyewe unapokuwa umechunguzwa katika maabara ya patholojia, majibu yakaandikwa, yakasomwa na daktari, na mgonjwa akaelezwa. Kuutupa uvimbe kwa sababu "unajulikana kwa macho" ni sawa na kutupa barua bila ya kuifungua. Barua hiyo ina habari za uhai wa mwanamke yule, na mara nyingi ina habari za heshima yake pia.

UVIMBE HUU NI KITU GANI

Teratoma iliyokomaa ya ovari si ugonjwa adimu. Miongoni mwa aina zote za uvimbe wa ovari unaotokana na seli za uzazi, hii ndiyo inayopatikana kwa wingi zaidi. Huwapata hasa wanawake walio katika umri wa kuzaa, ijapokuwa watoto wa kike na wanawake wazee nao hawakuepushwa. Kwa wagonjwa kama 10 hadi 15 katika kila 100, uvimbe huwa katika ovari zote mbili. Hukua polepole, na wengi huishi nao miaka mingi bila ya kujua, mpaka siku unapogunduliwa kwa kipimo cha ultrasaundi kilichofanywa kwa sababu nyingine, au siku ovari yenye uvimbe inapojisokota na kukatiwa damu. Hapo maumivu huwa makali na ya ghafla, na mgonjwa huhitaji kupasuliwa upesi.

Kwa kawaida uvimbe huu huwa kama mfuko. Upande wa ndani wa mfuko umefunikwa na ngozi, tena ngozi kamili kama ya mkono, yenye mashina ya nywele, tezi za jasho na tezi za mafuta. Kwa kuwa ngozi hiyo imeelekea ndani, kila inachokitoa hakina pa kwenda. Nywele, mafuta na magamba ya ngozi iliyokufa hurundikana mwaka hata mwaka. Mafuta hayo huwa majimaji katika joto la mwili, lakini yakitolewa nje huganda, kama mafuta ya nazi yagandavyo asubuhi ya baridi. Mahali fulani ukutani huwa pana kinundu kigumu, ambacho wataalamu hukiita kwa jina la Carl von Rokitansky, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Vienna katika karne ya 19. Hapo ndipo nywele nyingi zinapoota, na hapo ndipo hupatikana meno, vipande vya mifupa, gegedu, na mara nyingi tishu za ubongo.

Mwanafunzi wa baiolojia atakumbuka kwamba kiinitete, katika siku zake za mwanzo, hufanya tabaka tatu za seli. Kutokana na tabaka la nje hupatikana ngozi, nywele, ubongo na neva. Kutokana na tabaka la kati hupatikana mifupa, gegedu, misuli na damu. Na kutokana na tabaka la ndani hupatikana utando wa utumbo, utando wa njia za hewa, na tezi ya thairoidi. Katika teratoma huweza kupatikana tishu za tabaka zote tatu. Kila tishu imeumbika ipasavyo, lakini hakuna ramani inayozipanga: jino limeota kando ya kipande cha ubongo, na ngozi ya kichwa imepakana na utando wa njia ya hewa. Neno "iliyokomaa" lina maana kwamba tishu hizo zimefikia utu uzima wake, kama zilivyo katika mwili wa mtu mzima, na hazina tena tabia ya kugawanyika ovyo.

SI MIMBA, WALA SI UCHAWI

Swali la asili ya uvimbe huu liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Katika Ulaya ya karne ya 18 walikuwapo walioamini kwamba nywele na meno haviwezi kutokea katika ovari ila kwa mimba iliyopotea njia. Imani hiyo haikuwa jambo la kitabuni tu, kwani ilikuwa na maana kwamba kila mwanamke aliyepatikana na uvimbe huu alikuwa amelala na mwanamume, apende asipende kusema.

Mwaka 1789 Matthew Baillie, daktari na mwalimu wa anatomia mjini London, alichapisha maelezo ya ovari yenye nywele, mafuta na meno aliyoiona katika maiti ya msichana. Baillie alieleza kwamba msichana yule alikuwa bado hajafikia utu uzima, na mji wake wa mimba ulikuwa bado mdogo. Mimba isingewezekana. Kwa hiyo, alihoji Baillie, ovari ina uwezo wa kuzalisha vitu hivi yenyewe, pasipo mwanamume. Naomba wasomaji walitazame jambo hili kwa makini. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, kabla ya kujulikana kromosomu wala jeni, uchunguzi wa makini wa ovari moja ulitosha kuiondoa shutuma iliyokuwa ikiwaangukia wanawake. Lau ovari ile ingetupwa, shutuma ingebaki.

Ushahidi wa ndani zaidi ulipatikana Marekani. Mwaka 1975 David Linder na wenzake walichapisha uchunguzi wa kromosomu za teratoma za ovari, wakizilinganisha na kromosomu za wanawake wenyewe. Ili kuelewa walichokiona, tukumbuke somo la meyosisi. Kila seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Yai linapotengenezwa, jozi hutengana katika mgawanyiko wa kwanza, kisha nusu mbili za kila kromosomu hutengana katika mgawanyiko wa pili, na yai hubaki na kromosomu 23, likisubiri mbegu ya mwanamume ilete 23 nyingine.

Linder na wenzake waliona kwamba teratoma zina kromosomu 46 za kike, na zote zimetokana na mwanamke mwenyewe. Lakini palikuwa na jambo la ajabu: mahali ambapo mwanamke alikuwa na kromosomu mbili zinazotofautiana katika jozi, uvimbe ulikuwa na aina moja tu, mara mbili. Maelezo yao yalikuwa kwamba seli ya yai ilikwisha kupita mgawanyiko wa kwanza, ikashindwa kuukamilisha wa pili, kisha ikaanza kukua peke yake bila ya kurutubishwa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba zipo teratoma zilizoanza kwa njia nyingine, lakini shina la habari halikubadilika: uvimbe hutokana na seli ya uzazi ya mwanamke mwenyewe. Hakuna chembe ya mwanamume ndani yake. Baba wa "mtoto" huyo hatafutwi, kwa kuwa hayupo.

Pengine mwanafunzi atauliza: ikiwa yai laweza kuanza kukua peke yake, mbona halifanyi mtoto? Jibu la swali hili lina uhusiano na Afrika Mashariki. Azim Surani, mzaliwa wa Kisumu, Kenya, akifanya kazi na wenzake Cambridge, Uingereza, alichapisha mwaka 1984 majaribio ya mayai ya panya. Walionyesha kwamba kiinitete chenye jeni za upande wa mama peke yake hakiwezi kukamilika, hata kama idadi ya kromosomu imetimia. Mwaka huo huo James McGrath na Davor Solter, huko Marekani, walifikia matokeo yanayokubaliana na hayo. Jeni za baba na za mama hutiwa alama mbalimbali, na kiumbe huhitaji zote mbili. Yai lililoanza safari peke yake laweza kutoa ngozi, jino na kipande cha ubongo, lakini haliwezi kutoa mtoto.

KAZI YA MEZA YA PATHOLOJIA

Uchunguzi wenyewe hufanyikaje? Wengi hudhani kwamba ni kazi ya mashine. La hasha! Sehemu kubwa ni kazi ya macho, mikono na subira.

Kwanza uvimbe hupimwa uzito na ukubwa, na uso wake wa nje hutazamwa: je, ni laini na mzima, au umepasuka, au una sehemu iliyoshikamana na viungo vingine? Kisha hufunguliwa, mafuta na nywele huondolewa, na ukuta wa ndani huoshwa na kukaguliwa kote kwa macho na kwa ncha za vidole. Mtaalamu hukitafuta kile kinundu cha Rokitansky, kwa sababu hapo ndipo aina nyingi za tishu zinapokusanyika. Vilevile hutafuta sehemu yoyote iliyo nene, ngumu, yenye kutoka damu au iliyooza.

Kutoka mahali hapo hukata vipande vidogo. Katika mfuko wa kawaida, wenye ukuta mwembamba na kinundu kimoja, vipande vichache vilivyochaguliwa vizuri hutosha. Lakini ikiwa uvimbe una sehemu kubwa zisizo na uwazi, kanuni inayofuatwa na wengi ni kuchukua angalau kipande kimoja kwa kila sentimita moja ya upana wake. Vipande huhifadhiwa kwa formalini ili visioze, mifupa na meno hulainishwa kwa asidi, kisha vyote huzamishwa katika nta ya parafini. Nta ikiganda, kisu maalumu hukata utando mwembamba wa mikroni tatu hadi tano. Utando huo hulazwa juu ya kioo, hutiwa rangi za hematoksilini na eosini, viini vya seli vikawa buluu na sehemu nyingine nyekundu, na hapo ndipo hadubini inapoanza kusema.

Mtaalamu hutafuta majibu ya maswali matatu. Je, tishu zote zimekomaa, au ziko zilizobaki changa kama za kiinitete? Je, katika tishu zilizokomaa imezuka saratani? Na je, kuna tishu yenye kazi maalumu inayoweza kumletea mgonjwa ugonjwa mwingine?

MAJIBU YANAYOWEZA KUBADILI MAISHA

Swali la kwanza huwahusu zaidi wasichana na wanawake vijana. Teratoma changa ni adimu kuliko ile iliyokomaa, lakini ni saratani, na kwa macho matupu yaweza kufanana na dada yake asiye na madhara, maana nayo huweza kuwa na nywele na mafuta. Kinachoitambulisha ni tishu changa za neva zinazoonekana kwa hadubini. Mwaka 1976 Henry Norris na wenzake, huko Marekani, walitoa utaratibu wa kuipanga katika daraja tatu kwa kufuata wingi wa tishu hizo, na misingi ya utaratibu huo ingali ikitumika. Tofauti ya daraja si mchezo wa maneno. Mgonjwa mwenye daraja la kwanza, ambaye uvimbe wake haujatoka nje ya ovari, kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji peke yake na kufuatiliwa. Mtu mzima mwenye daraja la juu huhitaji dawa za saratani, ambazo zimewaokoa wengi. Na kwa kuwa mara nyingi ovari moja tu ndiyo iliyoshikwa, msichana aliyetibiwa mapema aweza kupona na kuja kuzaa watoto. Fikirini basi hatima ya msichana ambaye uvimbe wake ulitupwa, akaambiwa amepona, akarudi baada ya miezi tumbo limejaa.

Swali la pili huwahusu zaidi wanawake waliokoma hedhi. Katika teratoma zilizokomaa, kama moja au mbili katika kila 100 huwa na saratani iliyozuka ndani yake, na mara nyingi ni saratani ya ngozi ile iliyofunika ukuta wa ndani. Aghalabu haikujulikana kabla ya upasuaji. Unene mdogo ukutani, au kinundu kinachotoka damu, ndiyo alama pekee iliyoachwa kwa mwenye macho ya kutafuta.

Swali la tatu lina mambo ya kustaajabisha. Ziko teratoma ambazo sehemu kubwa yake ni tishu ya tezi ya thairoidi, ile tezi iliyoko shingoni. Baadhi yake hutoa homoni za tezi hiyo, na mgonjwa huenda mbio moyo, hutoka jasho na hukonda, ilhali tezi ya shingoni haina kosa lolote.

Lakini habari iliyo nzito kuliko zote ni ya ubongo. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliandika habari za wanawake 12 waliokuwa na teratoma, karibu wote katika ovari. Wagonjwa hawa walianza kwa kubadilika tabia: walikuwa na hofu, waliona na kusikia yasiyokuwapo, walisahau, na kusema maneno yasiyoeleweka. Kisha walishikwa na degedege, midomo na mikono ikichezacheza yenyewe, na wengine wakashindwa hata kupumua bila ya kusaidiwa. Chanzo kilikuwa nini? Ndani ya teratoma mlikuwa na tishu za ubongo. Kinga ya mwili ilizipiga vita tishu hizo kwa kutengeneza kingamwili, na kingamwili zile zile zikakipiga kipokezi kimoja muhimu katika ubongo wenyewe, kiitwacho NMDA. Uvimbe ulipoondolewa, na kinga ya mwili ikatulizwa kwa dawa, wengi walipata nafuu kubwa.

Sisemi kwamba kila anayedhaniwa kupagawa ana uvimbe wa ovari. Wala si kila mgonjwa wa kingamwili hizi ana teratoma, kwa maana wengi hawana. Nasema tu kwamba yamkini katika vijiji na miji yetu wamekuwapo wasichana walioambiwa wana pepo, wakapungwa au wakafungwa kamba, ilhali ugonjwa wao ulikuwa na chanzo kinachoweza kukatwa kwa kisu na kuonekana kwa hadubini. Tiba inapokuwapo, kutojua huwa mauti.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako madaktari na wasimamizi wa hospitali wasiokubaliana na rai hii, na hoja zao zastahili kujibiwa kwa heshima.

Husema kwanza kwamba uvimbe huu hujulikana kwa macho, na kwamba karibu wote hauna madhara. Ni kweli. Lakini hoja hii ikitazamwa vizuri inageuka. Ni kwa sababu karibu wote hauna madhara ndipo jicho linapozoea, na jicho lililozoea ndilo linalopitwa na ule mmoja wenye madhara. Aidha, mgonjwa mmoja hapimwi kwa wastani wa 100. Kwake yeye saratani ama ipo ama haipo.

Husema pili kwamba wataalamu wa patholojia ni wachache nchini, na hospitali nyingi za wilaya hazina hata mmoja, hivyo vipande husafirishwa mbali na majibu huchelewa. Nalo ni kweli, na ni aibu ya kuondolewa, si sababu ya kukata tamaa. Kipande kilichohifadhiwa vema katika formalini hustahimili safari. Kilichotupwa hakina safari tena. Na kama nilivyoeleza, mfuko wa kawaida hauhitaji vipande 20. Wahitaji vichache, mradi aliyevikata alijua pa kukata. Ujuzi wa kuchagua hupunguza gharama bila ya kupunguza usalama.

Husema tatu kwamba mgonjwa ni maskini, na malipo ya uchunguzi humzidishia mzigo. Hoja hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa ina huruma ndani yake. Lakini huruma ya namna hiyo humwachia maskini hatari, ikampa mwenye nacho hakika. Jibu la haki ni uchunguzi huu kuhesabiwa kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe, kama uzi wa kushonea, si nyongeza inayonunuliwa na awezaye.

TUFANYE NINI

Kwa upande wa hospitali, mambo yanayotakiwa si makubwa. Uvimbe utiwe katika chombo chenye mdomo mpana, maana nyama laini huingia kwa urahisi katika chupa nyembamba, ikikakamaa haitoki. Formalini iwe nyingi, mara kumi ya kiasi cha kipande, na uvimbe mkubwa ufunguliwe kwanza, kwa kuwa dawa hii huingia ndani polepole. Fomu iandikwe umri wa mgonjwa, dalili zake, ovari ya upande gani, na kama uvimbe ulipasuka wakati wa kutolewa. Fomu tupu humfunga macho mtaalamu aliyeko mbali.

Kwa upande wa mgonjwa na jamaa zake, liko swali moja ambalo kila mtu ana haki ya kuliuliza: "Daktari, kile kilichotolewa kimepelekwa wapi, na majibu yake yatatoka lini?" Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Na majibu yakitoka, yaelezwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Mwanamke aliyeambiwa wazi kwamba uvimbe wake ulitokana na yai lake mwenyewe, kwamba haukuwa mimba, na kwamba hauna saratani, huondoka na silaha dhidi ya ulimi wa jirani. Aliyenyamaziwa huondoka na nywele na meno katika mawazo yake maisha yake yote.

Walimu wa sekondari nao wana sehemu yao. Somo la meyosisi hufundishwa mara nyingi kama mchoro wa kukariri, na somo la tabaka tatu za kiinitete kama orodha ya mtihani. Mwalimu na awape wanafunzi orodha ya tishu zilizopatikana katika teratoma moja: nywele, jino, gegedu, utando wa njia ya hewa, tezi ya thairoidi, tishu za ubongo. Wazigawe kwa tabaka zake. Kisha awaulize: ikiwa mwanamke ana aina mbili za jeni fulani, na uvimbe wake una moja tu mara mbili, mgawanyiko upi wa meyosisi haukukamilika? Na kama kungekuwa na baba, tungetarajia kuona nini? Kwa maswali hayo machache wavulana na wasichana watajifunza pamoja jambo ambalo kizazi kilichopita kilijifunza kwa uvumi, na mvulana aliyelijibu darasani hatakuwa wa kwanza kumnyooshea dada yake kidole.

Uvimbe wenye nywele na meno utaendelea kutokea, kwa kuwa chanzo chake kiko katika maumbile ya mayai yenyewe. Hatuwezi kuuzuia. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba kila unapotolewa haupiti moja kwa moja kutoka mkononi mwa mpasuaji hadi shimoni. Upitie kwanza juu ya meza ya patholojia, na karatasi ya majibu imfikie mwenye mwili.